Tumezoea Joto, Lakini Hadi Wapi?

Mwezi wa Februari, masika yakiwa bado hayajaanza, mchana wa Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na kuzidi, na usiku kipimajoto hakishuki sana chini ya 25. Mwezi wa Julai huko Njombe, mji ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, alfajiri huingia na baridi ya chini ya nyuzi 10. Mtu wa Temeke anayepanda Njombe wakati huo hutafuta koti kabla hajatoka stendi. Kijana wa Njombe anayeshukia Dar mwezi wa Februari hukosa usingizi usiku baada ya usiku, anaacha kitanda na kulala sakafuni, huku wenyeji wake wakimcheka na kumwambia atazoea tu.

Wenyeji hao wanasema kweli. Mwili wa binadamu hujifunza joto, na jambo hilo limepimwa na kuthibitishwa kwa karibu miaka mia moja. Tatizo ni kwamba ukweli huo tumeufanya kisingizio. Kwa kusema tumezoea, tunamnyamazisha mtu aliyeanza kuzidiwa, tunampandisha kibarua juani saa saba mchana, na tunajenga nyumba ambazo mwenye nyumba mwenyewe hukimbilia nje ikifika alasiri. Mazoea ya joto yana kanuni zake. Yana siku zake za kuja na siku zake za kuondoka, na yana mpaka ambao hakuna mwili unaouvuka, uwe wa Mmakonde, wa Mwarabu au wa Mzungu. Kanuni hizo zafaa zijulikane na kila anayefanya kazi, anayeajiri na anayelea katika nchi zetu za joto.

Hesabu ya joto mwilini

Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Akianza kazi nzito, kiasi hicho hupanda mara nne au tano, kwa sababu zaidi ya robo tatu ya nguvu inayotumiwa na misuli huishia kuwa joto, na kinachobaki ndicho kinachoinua karai au kusukuma mkokoteni. Joto hilo halina budi kutoka. Viungo vya ndani hufanya kazi vizuri vikiwa karibu na nyuzi 37. Zikipita 40, ubongo, ini na figo huwa hatarini.

Msimamizi wa hesabu hii ni sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, haipothalamasi. Ikihisi damu imepata joto, huamuru mishipa ya ngozini itanuke ili damu ya moto ipelekwe juu ikapoe. Ngozi kwa kawaida huwa na nyuzi 33 hadi 35. Maadamu hewa iko chini ya hapo, joto hutoka lenyewe: linachukuliwa na upepo, linahamia kwenye sakafu au ukuta uliouegemea, na lingine hutoka kwa mnururisho. Hewa ikifika nyuzi 35, njia hizo zote huziba, na ikizidi, hugeuka: sasa ni mwili unaopokea joto kutoka nje.

Hapo inabaki njia moja tu, jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi, yaani joto lote analotoa mtu aliyekaa kwa zaidi ya saa sita. Hakuna njia nyingine ya mwili inayokaribia uwezo huo. Lakini sharti likauke. Jasho linalotiririka mgongoni na kudondoka chini limepoteza maji na chumvi bila kupoza kitu. Mtungi wa udongo hufuata kanuni hiyohiyo: maji hupenya polepole hadi ubavuni kwa nje, yakikauka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma hupoza maji vizuri kuliko mtungi wa Tanga. Pwani hewa tayari imejaa mvuke, haina nafasi ya kupokea mwingine.

Nyuzi 32 zinazoshinda nyuzi 38

Kwa sababu hiyo, nyuzi zinazosomwa kwenye taarifa ya hali ya hewa hutoa nusu tu ya habari. Wataalamu hutumia kipimo kingine chepesi ambacho hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kukifanya: chukua kipimajoto, kizungushie kitambaa kibichi sehemu ya chini, kisha kipepee. Maji yakikauka hushusha nyuzi, na pale zinapokoma kushuka ndipo penye kiwango cha chini kabisa ambacho kitu chenye majimaji kinaweza kupozwa na hewa ile. Mwili wenye jasho ni kitu cha namna hiyo.

Linganisha sasa mchana wa aina mbili. Kwenye ukame kama wa Turkana, hewa ikiwa na nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 20, kitambaa kibichi hushuka hadi nyuzi 21 hivi. Kwenye fukuto la pwani, hewa ikiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, kitambaa hukwama kwenye 28. Kwa kipimajoto kikavu Turkana imeizidi pwani kwa nyuzi sita. Kwa mtu anayefanya kazi kivulini, pwani ndiyo nzito zaidi, kwa nyuzi saba. Anayetoka bara akalalamika kwamba joto la Mombasa au Dar linamkaba, wakati kwao kuna jua kali kuliko hilo, ana hoja inayopimika.

Elimu iliyotoka mashimoni

Jinsi mwili unavyojifunza joto ilichunguzwa kwa kina katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Kufikia miaka ya 1920 mashimo yalikuwa yamezama mno, na kadiri unavyoshuka ndivyo mwamba unavyozidi kuwa wa moto. Zaidi ya hayo, maji yalinyunyizwa ili kutuliza vumbi linaloharibu mapafu, na hewa ikajaa mvuke. Wachimbaji wakaanza kufa kwa joto.

Katika miaka ya 1930 daktari wa migodi, Aldo Dreosti, aliwapima wafanyakazi wapya kwa kuwapa kazi ya koleo katika chumba chenye joto na unyevu, kisha akapima joto la miili yao. Wengine walistahimili, wengine walipanda nyuzi haraka. Baada ya siku kadhaa za kufanya kazi kwa kiasi, hata wale wa pili wengi wao walibadilika. Kwa miongo iliyofuata migodi ikajenga vyumba maalumu ambamo wageni walizoeshwa kwa siku kadhaa kabla ya kuteremshwa shimoni. Miongoni mwa walioajiriwa kwenda huko walikuwemo watu wa Msumbiji, Nyasaland na kusini mwa Tanganyika, waliochukuliwa na shirika la WENELA. Wazee wa Rungwe na Kyela wamelijua vizuri jina hilo. Utafiti huo haukusukumwa na huruma. Waajiri walitaka dhahabu, na mtu aliyeanguka shimoni hachimbi. Lakini kilichogunduliwa kwa jasho la watu hao ni haki ya kila mfanyakazi leo.

Kilichogunduliwa ni hiki. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku, kati ya siku ya tatu na ya tano majimaji ya damu huongezeka, na moyo unapata wepesi wa kuhudumia misuli na ngozi kwa pamoja. Mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile. Jasho huanza kutoka mapema kabla mwili haujapata moto sana, na hutoka kwa wingi zaidi. Tezi za jasho hujifunza kurudisha chumvi mwilini, kwa hiyo jasho la mwenyeji huwa na chumvi kidogo kuliko la mgeni. Mabadiliko haya hukamilika kwa wengi katika siku 7 hadi 14. Mtu akikaa mbali na joto huanza kuyapoteza wiki ileile, na baada ya mwezi hivi amerudi karibu na alikoanzia. Aliyezaliwa Kariakoo lakini anaishi ndani ya kiyoyozi nyumbani, garini na ofisini, mwili wake haujui joto la Kariakoo.

Siku ya kumwaga slabu

Tazama kanuni hizo zikifanya kazi kwenye jengo. Siku ya kumwaga slabu, zege likishaanza kuchanganywa halisubiri mtu, na kazi haikatizwi mpaka liishe. Saidia fundi wanajipanga kutoka kwenye mashine hadi juu, karai linapita mkono kwa mkono, jua liko utosini, nondo zilizotandazwa zinaunguza kiganja na mbao za chini zinarudisha joto usoni. Kijana aliyeshuka juzi kutoka nyanda za juu ndiye anayejituma kuliko wote, maana anataka aitwe tena kesho. Aliye ubavuni mwake amefanya kazi hii tangu Desemba. Umri mmoja, nguvu sawa. Lakini moyo wa mgeni unadunda mbio, kwa sababu damu ileile kidogo inadaiwa pande mbili: misuli inaitaka na ngozi inaitaka. Jasho lake lilichelewa kuanza, na lilipoanza likatoka na chumvi nyingi. Ukimwona anakosea hatua, anajibu maneno yasiyolingana na swali, au anatetemeka kwa baridi katikati ya jua, mwambie ateremke saa hiyohiyo.

Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inaeleza kwamba kati ya asilimia 50 na 70 ya vifo vya joto kwenye kazi za nje hutokea katika siku chache za kwanza. Wengi wanaokufa ni wageni wa kazi. Kutokana na hilo, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya nchi hiyo, NIOSH, inashauri kanuni rahisi: mfanyakazi mpya afanye asilimia 20 ya kazi ya kawaida katika joto siku ya kwanza, kisha aongezewe isiyozidi asilimia 20 kila siku. Mzoefu aliyerudi baada ya kukaa mbali na joto aanze na asilimia 50, halafu 60, halafu 80, na siku ya nne afanye kazi kamili. Maji yanywewe glasi moja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Chumvi inarudi kwa chakula, kwa hiyo mlo wa mchana usirukwe.

Wawili katika chumba kimoja

Mazoea hayaelezi kila kitu. Katika ofisi moja, chini ya kiyoyozi kimoja, mmoja anajifunika mtandio na mwingine anafungua kifungo cha shati. Watu hufikiri ni ukaidi, na rimoti hugombaniwa kwa siri. Sababu nyingi ziko mwilini.

Ya kwanza ni kiasi cha joto ambacho kila mtu anatengeneza. Viwango vinavyotumika duniani kupangia joto la ofisi vina mizizi katika kazi ya Ole Fanger, mhandisi wa Denmark aliyetoa mwaka 1970 hesabu yake ya mtu anavyohisi joto ndani ya jengo. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba kiwango cha joto la mwili kilichowekwa ndani ya hesabu hizo ni cha mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Wanawake waliowapima, wakifanya kazi nyepesi za ofisini, walitoa joto pungufu. Dada anayelalamika kwamba kiyoyozi kinamwumiza viungo anakaa katika chumba kilichopimiwa mtu mwingine.

Ya pili ni umbo na umri. Mwili mwembamba una ngozi nyingi kwa kila kilo yake, hivyo hupoteza joto upesi. Mwili mnene hulihifadhi. Mzee hutoa jasho pungufu, kiu humjia kwa kuchelewa, na hisia ya joto yenyewe hupungua, ndiyo maana bibi anaweza kukaa na sweta katika chumba kinachofukuta bila kujua kwamba yuko hatarini. Mtoto mchanga naye hana uwezo wa kujivua nguo wala kuomba maji.

Ya tatu ni utoto. Mwanasayansi wa Kijapani Yas Kuno, aliyetumia maisha yake kuchunguza jasho, alieleza katika miaka ya 1950 kwamba idadi ya tezi za jasho zinazofanya kazi huamuliwa katika miaka miwili na nusu hivi ya mwanzo wa maisha. Wajapani waliozaliwa na kulelewa katika nchi za joto walikuwa na tezi hai nyingi kuliko wenzao wa Japani. Mahali ulipojifunzia kutembea huacha alama ngozini.

Kisha kuna mishipa ya fahamu. Mwaka 1997 David Julius wa California alitambua protini ya mishipa ya fahamu inayofunguka joto likikaribia nyuzi 43. Aliipata kwa kutumia kiini cha pilipili, kwa kuwa pilipili huifungua protini hiyohiyo; ulimi unaarifiwa habari ya moto ambao haupo. Nyingine inayohisi ubaridi huamshwa na mentoli ya peremende na dawa za kuchua. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ugunduzi huo unaonyesha kwamba hisia ya joto na joto lenyewe ni mambo mawili. Mtu anaweza kujipaka mentoli akajisikia yuko poa, na mwili wake usishuke hata nyuzi moja.

Na jambo la mwisho ni uhuru. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walikusanya majibu 21,000 hivi ya watu katika majengo 160 ya mabara manne. Waliokuwa katika majengo yenye madirisha wanayoweza kuyafungua wenyewe waliridhika na joto la juu zaidi kuliko waliokuwa ndani ya majengo yaliyofungwa na kupozwa kwa mashine. Mtu anayeweza kufungua dirisha, kuwasha feni, kuvua koti au kuhama kiti huvumilia mengi. Ofisi inayolazimisha tai na suti mwezi wa Februari, kisha ikashusha kiyoyozi hadi nyuzi 18 ili suti zivalike, inalipa umeme ili kutengeneza tatizo.

Wahenga wa pwani waliona nini

Pwani iliishi na fukuto karne nyingi kabla ya umeme, na mengi ya maarifa yake yamesimama mbele ya vipimo. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi. Ukuta huo hunywa joto la mchana taratibu, na mpaka likifika ndani jua limeshazama. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko, lakini dari ziko juu, na ua wa katikati hupandisha hewa ya moto na kuvuta nyingine. Vichochoro vimebanana ili ukuta mmoja umpe mwenzake kivuli. Chokaa nyeupe hurudisha jua angani. Makuti hupitisha hewa na hayashiki joto.

Bati tupu hufanya kinyume cha hayo yote. Chini ya jua la mchana hupita nyuzi 60, na lisipokuwa na dari chini yake, joto hilo hushuka moja kwa moja juu ya vichwa vya waliomo. Bati halitaondoka katika miji yetu, maana ni jepesi na halivuji. Lakini bati likipakwa rangi nyeupe, likawekewa dari na matundu ya kutolea hewa juu ya kuta, nyumba hubadilika, na gharama yake hailingani na ya kiyoyozi.

Vazi pia. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa katika jangwa la Negev kuhusu joho jeusi la Mabedui. Ilionekana kwamba joho jeusi hunyonya jua zaidi kuliko jeupe, lakini joto hilo la ziada hupotelea hewani kabla ya kufika kwenye ngozi. Kilichomsaidia mvaaji ni upana wa vazi na hewa inayopita chini yake. Kanzu, kanga na buibui pana vimo ndani ya kanuni hiyo. Nguo ya nailoni inayobana haimo, iwe ya rangi gani.

Hata desturi ya kunywa vya moto barazani imepimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, waliona kwamba waliokunywa maji ya moto wakifanya mazoezi walibakiza joto dogo mwilini kuliko waliokunywa ya baridi, kwa sababu kinywaji cha moto kilichochea jasho jingi zaidi. Lakini hayo yalifanyika mahali ambapo jasho lote lilikauka. Kwenye upepo wa jioni, kikombe cha kahawa chungu kina mantiki. Kwenye fukuto la saa nane lisilo na upepo, kunywa maji ya baridi.

Feni nayo inafaa pwani kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hewa yetu ni nadra kuzidi joto la ngozi. Ukilowesha shati au kujipangusa kwa kitambaa kibichi, pangaboi hufanya kazi maradufu. Shirika la Afya Duniani linaonya tu kwamba hewa ikizidi nyuzi 40, feni huweza kuuongezea mwili joto.

Mpaka

Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walitoa hesabu iliyowashtua wengi: kitambaa kibichi kikisoma nyuzi 35, hata mtu mzima mwenye afya, aliyekaa kivulini na kupepewa, hawezi kupoa. Jasho lake halikauki tena kwa kiasi cha kutosha. Atakufa baada ya saa chache, na mazoea hayamwokoi, kwa sababu kilichozuiwa ni kukauka kwa maji na hilo halimsikilizi mtu. Mwaka 2020 Colin Raymond na wenzake walionyesha kwamba sehemu za Ghuba na Pakistan zimeshafika hapo kwa muda mfupi. Na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, waliwapima vijana wenye afya wakifanya shughuli nyepesi, wakaona kwamba kwenye hewa ya unyevu mwingi miili yao ilianza kushindwa kwenye nyuzi 31 hivi. Kumbuka kwamba mchana wa kawaida wa fukuto la pwani unakaribia 28. Nafasi tuliyonayo ni ndogo, na mwaka 2024 umeandikwa kuwa wa joto kali kuliko miaka yote iliyopimwa.

Usiku una hatari yake. Mwili hutegemea saa za giza kurudisha moyo kwenye utulivu. Tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, Oman, mji wa pwani usio mbali na Muscat, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Anayelala katika hali hiyo bila umeme huamka amechoka kuliko alivyolala.

Hija ya mwaka 2024 ilitufundisha kitu kingine. Makka ilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo 1,301. Zaidi ya asilimia 80 walikuwa mahujaji wasio na vibali, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala mahali pa kupumzikia. Walikuwa chini ya jua moja na wenzao waliorudi salama. Wengi walitoka nchi za joto. Kilichowatenganisha na wenzao kilikuwa kivuli.

Vifo visivyoandikwa

Mara nyingi husemwa kwamba joto huua Ulaya, ambako mwaka 2003 lilisababisha vifo zaidi ya 70,000, na kwamba huku kwetu halina neno. Luke Harrington na Friederike Otto waliifuatilia kauli hiyo mwaka 2020. Katika kumbukumbu kuu ya kimataifa ya majanga, walikuta mawimbi mawili tu ya joto yaliyoandikwa kwa nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara tangu mwanzo wa karne ya 20, yakiwa na vifo 71. Kwa Ulaya, katika miaka 40 tu, yaliandikwa 83, na vifo zaidi ya 140,000. Watafiti hao hawaamini kwamba tofauti hiyo inatokana na miili. Inatokana na kutoandika. Mzee akifariki nyumbani wakati wa joto, huambiwa ni presha. Kibarua akianguka, huambiwa ni malaria au kuna mkono wa mtu.

Kuchanganya huko kunaua, kwa sababu homa na kiharusi cha joto vina tiba tofauti. Katika homa, haipothalamasi yenyewe imeamua kupandisha joto, na paracetamol huishusha amri hiyo. Katika kiharusi cha joto hakuna amri iliyotolewa. Mwili umezidiwa tu, na dawa ya homa haina cha kushusha. Mtu aliyekuwa juani au katika chumba cha moto, akachanganyikiwa, akapoteza fahamu au akashikwa na degedege, mpozeni hapohapo huku gari likitafutwa. Mwondoeni juani, mvueni nguo za juu, mwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha, au mwingizeni kwenye maji ya baridi kichwa kikiwa juu. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Kila dakika inayopita mwili ukiwa juu ya nyuzi 40 inapunguza nafasi yake ya kupona.

Kazi iliyo mbele yetu

Wapo walioanza. Oman huzuia kazi za nje kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 alasiri katika miezi ya Juni hadi Agosti. Qatar, tangu mwaka 2021, huzizuia kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri kati ya Juni mosi na Septemba 15, na kazi husimama wakati wowote kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kinapopita 32.1. Sheria hizo zinawahusu maelfu ya vijana wetu waliokwenda kujenga na kulinda huko. Ahmedabad, India, baada ya joto la Mei 2010 kuongeza vifo zaidi ya 1,300, iliweka mwaka 2013 mpango wa tahadhari unaofika hadi zahanati za mitaani. Freetown, Sierra Leone, ilimteua Eugenia Kargbo mwaka 2021 kusimamia masuala ya joto mjini, na moja ya kazi zake ilikuwa kuweka mapaa ya kivuli kwa akina mama wauzao kwenye masoko ya wazi. Hakuna katika haya lililohitaji teknolojia ngeni.

Miji yetu ya pwani inaweza kuanza na mambo matatu. Taarifa ya hali ya hewa iseme joto pamoja na unyevu, kwa lugha ambayo dereva wa bodaboda ataielewa. Hospitali ziandike joto kama chanzo cha kifo pale linapokuwa chanzo, maana kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti. Na kila mkataba wa ujenzi wa umma uwe na ratiba ya wiki ya kwanza kwa wafanyakazi wapya, maji ya kunywa pale pale kazini, na mapumziko kivulini. Mkandarasi anayeanza kumwaga zege saa 11 alfajiri akamaliza kabla ya jua kali hapotezi hata mfuko mmoja wa saruji, na zege lenyewe hukaza likiwa na hatari ndogo ya kupasuka. Kinachobaki ni uamuzi wa kuwapangia watu saa za kazi kwa uangalifu uleule tunaoupangia zege.